Baba mkwe amenikasirikia kwa sulisuli niliyemrudisha baharini

Shikamoo Mama Karanga,

Mimi ni mwanamume wa miaka thelathini na kitu, nimeajiriwa, naishi Kilifi na mke wangu na watoto wawili. Mdogo bado ananyonya. Wiki nzima nashinda kwenye kiti cha ofisi, kwa hiyo ikifika Jumamosi mimi na bahari. Mfuko ukiwa mtupu natupa ndoana hapa kwenye hori ya Kilifi, mara nyingine na mwanangu mkubwa wa miaka saba. Mfuko ukiwa na kitu, tunachanga na wenzangu wa kazini, tunakodi boti Watamu na kutoka nje ya mwamba.

Kaskazi hii tulitoka alfajiri, tukarambaza, yaani tukikokota ndoana nyuma ya boti, hadi jua likapanda, na sulisuli akashika kwenye fimbo yangu. Nimeshapata nguru na kolekole, ila sulisuli alikuwa wa kwanza. Mama, sijui nikuelezeje. Aliruka, akasimama juu ya mkia na lile tanga lake limefunguka, akaruka tena upande wa pili wa boti kabla sijajua mshipi umeelekea wapi. Mikono ilinifa ganzi. Alipofika ubavuni, nahodha akauliza, "Tunampiga tegi?" Mimi sikujua hata kama kuna swali la namna hiyo. Wenzangu wakaitikia ndiyo. Baharia mmoja akamshika ule mdomo mrefu kwa glavu, mwingine akamchoma kibandiko cha namba mgongoni, wakamtembeza kidogo kando ya boti, akaenda zake. Yote yakarekodiwa kwa simu.

Kwa furaha niliyokuwa nayo, ile video nikaitupa kwenye grupu la WhatsApp la ukweni. Hapo ndipo nilipojitafutia maneno.

Baba mkwe wangu ni mvuvi wa Mayungu. Amevua kwa mshipi na jarife tangu utoto mpaka magoti yalipomkatalia. Kwenye grupu hakuandika kitu. Alimpigia simu binti yake: "Mwambie mumeo neema ya Mungu hairudishwi. Samaki yule angelisha mtaa." Tangu hapo nikimwamkia ananiitikia nusunusu. Juzi tulikwenda kumjulia hali, sinia likaletwa, naye akasema mbele ya shemeji zangu wote, "Mkwe wangu mpeni wali na mchuzi mtupu, samaki yeye huwaonea huruma." Watu wakacheka. Nikacheka nao, lakini iliniingia.

Mke wangu hajaniambia nimekosea. Anachosema ni kwamba natoa pesa nzuri kwenda kuvua, kisha Jumatatu tunanunua samaki sokoni kama watu wasio na mvuvi nyumbani.

Wenzangu nao hawanisaidii. Mmoja anasema mvuvi wa starehe aliyestaarabika harudi na samaki hata mmoja, kila kitu kirudishwe, hata changu. Mwingine anasema kumtoboa kiumbe mdomo, kumchosha mpaka akaribie kufa, kisha kumwachilia ili wewe upate picha, huo ni ukatili wa watu walioshiba. Ukimvua, umle; kama huna haja naye, usimvue. Mimi nikimsikiliza huyu naona ana haki, nikimsikiliza yule naye vilevile.

Nisaidie, mama. Yule sulisuli aliishi, au alikwenda kufia chini huko sisi tukijipongeza? Ni yupi wa kula na yupi wa kurudisha? Na huyu mzee nimwendee vipi?

Tena kuna jambo jingine. Nilipokuwa Malindi kikazi niliagiza sulisuli wa kukaushwa kwa moshi hotelini, na wenzangu wakaniita mnafiki. Ni kweli?

Ni mimi, Mvuvi wa Jumamosi, Kilifi

*

Marahaba baba.

Nianze na jambo ambalo hukuliuliza. Yule sulisuli hakuwa wako. Kwenye boti nyingi za kukodi hapa pwani, desturi ni kwamba samaki ni wa boti. Mteja analipia siku yake ya bahari. Samaki akipandishwa, nahodha na mabaharia ndio wanaomuuza, na mteja hukatiwa kitoweo cha nyumbani akitaka. Zipo boti zenye utaratibu mwingine, ndiyo maana mtu huuliza gatini kabla ya kuondoka, si wakati samaki ameshafika ubavuni. Sasa mzee anaposema umeunyima mtaa, ajue kwamba mtaa ungemnunua kwa kilo, tena kwangu mimi au kwa mama karanga mwenzangu, sisi wanawake tunaonunua samaki gatini tukawakaanga na kuwauza. Waliopoteza kwanza siku ile ni wale mabaharia wawili uliowataja kwa glavu zao. Sulisuli mzima ni pesa ya kuonekana kwa mtu anayelipwa kwa siku. Kwa hiyo ukiwa mtu wa kurudisha, bakshishi yako nayo iwe ya mtu aliyerudisha. Sijui kama siku ile mlilifikiria hilo. Barua yako haisemi.

Wala usidhani mabaharia wanalazimishwa na wageni. Manahodha wengi wa Watamu na Malindi ndio wanaoshika tegi mbele, kwa hesabu zao wenyewe. Mnofu wa sulisuli unauzwa mara moja. Anayemleta mgeni mwaka wa pili ni ule mruko uliokufanya wewe ukose maneno. Zamani hawakuwa hivyo. Mwandishi wa Marekani Ernest Hemingway alipokuja kuvua pwani hii mwaka 1934, fahari ya mvuvi wa starehe ilikuwa samaki kutundikwa kichwa chini, mtu asimame kando apigwe picha. Hesabu iligeuka baadaye. Tangu miaka ya 1980 ikielekea mwisho wavuvi wa starehe wa Kenya wamekuwa wakiwapiga tegi sulisuli na nduwaro, yule ndugu yake mwenye mdomo mrefu vilevile, na leo kazi hiyo inaendeshwa na African Billfish Foundation iliyo hapo hapo Watamu.

Tegi ndiyo inayonipa njia ya kukujibu swali lako la kwanza. Kila moja ina namba. Samaki akivuliwa tena, iwe na boti ya starehe au na mvuvi wa jarife, na namba ikaripotiwa, inajulikana aliachiliwa wapi, lini, na ametembea umbali gani. Zipo zinazorudi. Tegi iliyorudi ni ushahidi kwamba samaki yule hakufa kwa kuvuliwa mara ya kwanza. Zisizorudi hazisemi lolote, huenda samaki anaogelea, huenda aliliwa na papa saa ile ile. Watafiti wa bahari nyingine wamewafunga samaki wa jamii hii vyombo vinavyotuma habari kwa setilaiti, na walichokiona ni kwamba wengi huishi na baadhi hufa. Wanaokufa, mara nyingi sababu iko mikononi mwa aliyewavua.

Chukua basi ile video yako uitazame tena, safari hii bila kujitazama wewe. Tazama ndoana ilishika wapi. Ikiwa ni pembeni mwa mdomo, vizuri. Ikiwa alimeza na damu inatoka kwenye matamvua, huyo hakwenda mbali. Ndoana ya duara, ile iliyopinda ncha ikatazama ndani, hushika zaidi pembe ya mdomo kuliko ile ndefu ya kawaida, na kwa kuvua na chambo cha samaki ndiyo ya kuomba. Kisha tazama muda. Samaki anayevutwa kwa mshipi mwembamba ili mtu ajisifu kwamba amemtoa kwa uzi wa kushonea hujaa uchovu kwenye damu, akaachiliwa hai na kufa baadaye mbali na macho yenu. Chukua mshipi wa kutosha umlete haraka. Halafu tazama kama mlimpandisha. Ukiona ametolewa majini, amelazwa mapajani mwa mtu na watu wanapanga sura za kupigwa picha, hesabu sekunde zake. Yule anapumua maji. Marekani, upande wa Atlantiki, sheria inakataza kumtoa kabisa majini samaki wa jamii hii kama hakusudiwi kubaki botini. Anafunguliwa au mshipi unakatwa karibu na ndoana akiwa majini. Na mwisho tazama kule kumtembeza. Boti inatakiwa isonge mbele polepole, kichwa chake kikiwa ndani ya maji, mdomo umeshikwa, maji yapite kwenye matamvua. Sulisuli aliyechoka hufifia rangi. Anayeamka utaiona buluu ikirudi mwilini na mkia ukianza kusukuma, na hapo huhitaji kumwachilia, atajinyakua mwenyewe. Kwa ulivyoeleza, wale mabaharia wanajua kazi yao. Kama video inakubaliana na barua, mimi ningesema aliishi.

Sasa huyo mwenzako wa "kila kitu kirudishwe, hata changu". Mwambie Mama Karanga amesema bahari ina kina. Samaki wa mwambani anayetolewa mita hamsini, sitini chini, hapandi kama alivyokuwa. Ana kibofu cha hewa tumboni, na kadiri anavyopanda hewa ile inafutuka. Akifika juu macho yamemtoka na tumbo limejitokeza mdomoni. Nimewapasua wengi wa namna hiyo, si jambo la kusimuliwa. Ukimtupa baharini huyo hazami, anaelea ubavu juu mpaka ndege waje wamalizie. Zipo boti zenye uzito maalumu wa kumshusha samaki hadi kina chake, na ikiwa mnazo, sawa. Kama hamna, huyo apelekwe jikoni, na mkishapata wa kutosha mnyanyue nanga mwondoke mahali pale. Kukaa juu ya mwamba mkitoa na kutupa, kutoa na kutupa, mkisema mnahifadhi, huko ni kuua kwa nia njema.

Chewa nampa neno lake mwenyewe. Jamii nyingi za chewa huanza maisha wakiwa majike, na baadhi yao wakikua hugeuka madume. Wale wakubwa wakubwa wanachukua miaka mingi kufika pale, na ukiwaondoa kwenye mwamba mmoja umeharibu nyumba nzima. Mimi ningekushauri usiwawinde kabisa wale wakubwa. Akija wa kadiri kutoka maji mafupi na unamtaka, mpike na nazi.

Wa kula ni hawa: fulusi, na nguru na jodari kwa kiasi. Fulusi hukua upesi ajabu, huzaa kabla hajatimiza mwaka, na ni nadra afikishe miaka minne. Huyo Mungu amemwumba kwa ajili ya sufuria. Jodari wa mapezi ya njano alikaa miaka kadhaa akihesabiwa kuwa amevuliwa kupita kiasi Bahari ya Hindi nzima, kwa hiyo mmoja akitosha nyumba, funga kazi. Na barafu, baba. Barafu kabla ya chambo, barafu kabla ya soda zenu. Jodari, nguru na fulusi wakiachwa juani kwenye sakafu ya boti wanatengeneza sumu ambayo moto hauiondoi. Ukikaanga mpaka akawa mkaa bado iko. Mtu anakula, dakika chache uso unawaka mwekundu, kichwa kinagonga, mwili unawasha, anasema ana mzio wa samaki. Hana mzio wowote, amelishwa samaki aliyekaa juani. Wavuvi wa starehe ndio wabaya zaidi kwa hili, maana wao wanashughulika na picha. Mvuvi wa kuuza anajua samaki aliyechoka hanunuliwi.

Kwa kuwa mkeo ananyonyesha, liko jingine. Nduwaro na papa wakubwa hula samaki wengine maisha yao yote na kukusanya zebaki mwilini. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani imewaweka kwenye orodha ya samaki ambao mwanamke mjamzito, anayenyonyesha na mtoto mdogo waepuke. Kwa hiyo hata siku mkipata nduwaro na nahodha akaamua abaki, huo mnofu usiupeleke nyumbani kwako kwa sasa.

Turudi kwa sulisuli na nduwaro, kwa nini mimi, muuza samaki, nakwambia warudishwe. Nitakwambia ukweli ulivyo. Sulisuli wengi wanaouawa Bahari ya Hindi hawauawi na wewe wala na baba mkwe wako. Wananaswa na nyavu za jarife za masafa, na wanaoongoza ni Iran, India, Pakistan na Sri Lanka. Mwaka 2018 ile Tume ya Jodari ya Bahari ya Hindi, yenye makao Shelisheli, iliweka kikomo: sulisuli wasizidi tani 25,000 kwa mwaka kwa bahari nzima, na sulisuli au nduwaro mwenye chini ya sentimita 60, kutoka taya la chini hadi panapogawanyika mkia, asibaki botini. Kikomo hicho cha tani kimekuwa kikipitwa. Nduwaro wa milia yeye ameshahesabiwa kuwa amepungua kupita kiasi. Mbele ya tani hizo, samaki wako mmoja hapunguzi wala haongezi. Lakini wewe humhitaji. Hukwenda kumtafuta kwa sababu ya njaa, hukumlipia kwa kilo, na ulichokifuata kwake umekipata akiwa mzima. Kumbakiza baada ya hapo kunahitaji sababu, na sioni wewe ungesema ipi. Mvuvi wa Mayungu anayo sababu: ada, unga, dawa. Akimpata sulisuli kwenye jarife lake siku hiyo ni siku njema kwake, na asitokee mtu wa fimbo na miwani ya jua kumwambia amekosea.

Mwenzako wa pili, anayesema ni ukatili, mimi simtupi hivi hivi. Wapo wengi wanaoona kama yeye, na kwingine wameliweka kwenye sheria. Uswisi kumekatazwa kwenda kuvua kwa nia ya kurudisha. Ujerumani nako sheria ya wanyama inadai sababu ya maana ndipo umtese mnyama, na chakula huhesabiwa kuwa sababu, raha peke yake haihesabiwi. Mwaka 2003 watafiti wa Scotland walitoa matokeo yaliyoonyesha kwamba samaki aina ya trauti ana mishipa ya fahamu inayohisi dhara, na mpaka leo wataalamu wanabishana kama kuhisi huko ni maumivu kama yetu. Mimi niliyeshika samaki hai kwa mikono hii siwezi kuapa kwamba haumii. Kwa hiyo ukivua kwa starehe, ujue starehe yako inamgharimu yule, na gharama hiyo huifuti kwa kumwachilia. Unaipunguza. Nenda ukiwa umeamua gatini unakwenda kwa nini. Siku ya kitoweo, vueni nguru na fulusi, na kikapu kikitosha mrudi, hata kama ni saa tatu asubuhi na boti mmelipia hadi saa nane. Siku ya sulisuli, vueni sulisuli, mmoja au wawili, mkiona ameshika vibaya na hatoishi, nahodha ampandishe na mtaa upate. Kinachoniudhi ni wale wanaoshindana nani ameachilia wengi zaidi kwa siku moja. Hao wanaona wanamwokoa samaki kwa kumchoma mara nyingi.

Kuhusu neno la mzee, kwamba neema hairudishwi. Mimi si mwanachuoni, muulize sheikh wako. Ninachokijua ni kile tunachosomeshwa sote: aya ya 96 ya Surat Al-Maida imetuhalalishia windo la bahari na chakula chake, na kuhalalishiwa si kuamrishwa ule kila ulichokishika. Halafu ipo ile hadithi ya shomoro aliyeuliwa kwa mchezo, anayekuja kulalamika siku ya kiama kwamba aliuliwa bila faida. Mwenzako wa ukatili angeipenda hiyo. Baba mkwe wako naye vilevile, kwa maana yake. Naona mzee na huyo kijana wa ofisini kwenu wanakaribiana kuliko wanavyodhani. Wote wawili wanakataa mtu kucheza na kilicho hai.

Na hapo ndipo penye ugomvi wako. Mzee hakukasirikia samaki. Amekaa baharini miaka yote hiyo akirudi mtupu siku nyingine, akikopa mafuta kwa tajiri, akiambiwa huku ni hifadhi usivue. Hifadhi za bahari za Malindi na Watamu zimekuwepo tangu 1968, yeye ameishi na mipaka yake maisha yake ya uvuvi. Kisha anaona kwenye simu mkwewe anacheka, anampata kwa bahati samaki ambaye yeye angemshukuru Mungu kwa wiki nzima, anamsukuma na mkono aende. Kibaya zaidi umeiweka mbele ya familia yote. Ungekuwa umemsimulia peke yake, mmekaa barazani, ungesikia naye hadithi za sulisuli waliomvunjia ngalawa, na mambo yangeishia hapo.

Kwa hiyo fanya hivi. Kwanza, video za namna hiyo zisiende tena ukweni. Pili, safari yako ijayo mwambie nahodha mapema kwamba unataka nguru na kwamba utamnunua kwa boti kama desturi yao inavyosema. Mweke kwenye barafu tangu anapotoka majini, usimpasue, mpelekee mzee mzima mzima, kichwa na mkia. Mvuvi haletewi vipande kwenye mfuko wa plastiki. Mkeo atangulie kwa mama yake, wewe umfuate mzee. Usimweleze habari za tume, tani wala setilaiti. Hayo nimekupa wewe. Mwulize yeye: zamani sulisuli walikuwa wakija karibu namna gani, jarife lilipata wangapi, nguru wa siku zile alikuwa wa urefu gani. Mwache aseme. Nimewasikia wazee wengi wa gatini, na hakuna hata mmoja aliyeniambia samaki wa leo ni wengi kuliko wa zamani. Atafika mwenyewe pale unapotaka kumfikisha, na kama hatafika pia si kitu, yeye ni baba wa mkeo, hakukuomba umfundishe bahari. Na akirudia ile ya wali na mchuzi mtupu, cheka kweli kweli safari hii, umwambie, "Baba, leo samaki nimeleta mimi." Ataona haya, au atakuongezea jingine. Utani wa mkwe haupimwi kwa mizani.

Mkeo naye ana haki yake. Kabla ya boti ijayo mkae mpange: pesa ya bahari iwe kiasi fulani, na nusu ya safari ziwe za kitoweo. Sidhani atakupinga. Alichokuambia si kwamba uache kuvua, ni kwamba amechoka kununua.

Huyo mwanao wa miaka saba unayemtoa horini ndiye ninayemfikiria zaidi. Mle kwenye mikoko ndimo samaki wengi wadogo wanamokulia, wanaoshika pale mara nyingi ni watoto tu. Hao mrudishe. Mfundishe alowanishe mikono kwanza, maana mkono mkavu unamvua samaki ule utelezi unaomkinga na maradhi. Bana ncha za ndoana kwa koleo zisiwe na kile kikwaruzo cha nyuma, zitoke bila kumchana. Akipata changu wa kutosha sahani, ampelekee mama yake. Watoto wanaelewa hilo upesi, wakubwa ndio wanaotaka kanuni moja kwa kila samaki.

Sulisuli wa hoteli sasa. Sulisuli wa moshi ni chakula cha Malindi na Watamu cha miaka mingi, kinakatwa vipande vyembamba vikakamuliwa limau, na sikatai, ni kitamu. Hukuwa mnafiki kwa kumla. Alikuwa ameshakufa, na huenda aliletwa na mtu kama mkwe wako. Ila ukiagiza tena, mwulize mhudumu amenunuliwa kwa nani. Akikwambia kwa wavuvi wa hapa, kula na ulipe bila kulalamikia bei. Akikwambia hajui, agiza fulusi.